Ustadhi na Gari la Watu Wawili

Kwenye matanga ya Ustadhi, wanaume walikaa upande wao na sisi wanawake upande wetu, lakini mazungumzo yalikuwa yale yale. Kila aliyekuja kutoa pole, akishasoma Fatiha na kupewa kahawa, alilikumbuka lile gari. Mmoja alisema lilikuwa jekundu, mwengine akasema rangi ya machungwa, na bibi mmoja nisiyemjua hata jina akaapa kwamba lilikuwa likiruka kama ndege. Mimi nikazungusha kahawa. Lilikuwa rangi ya tende inayoanza kuiva, na halikuwa likienda mbio hata siku moja, kwa sababu mwenyewe hakutaka.

Siandiki alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo wanayo watu wake. Naandika niliyoyaona mimi, jirani yake na mwanafunzi wake, kwa miaka yote niliyokaa mtaa huu wa juu kidogo ya magereji ya Wadi Kabir.

Tulimwita Ustadhi, sote, mpaka muuza mboga. Hakuwa shekhe. Alikuwa mhandisi wa pampu za maji mpaka alipostaafu, kisha akaanza kusomesha wanawake kusoma na kuandika Kiarabu, baada ya Magharibi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya msikiti. Mimi nilikuja Muscat bi harusi kutoka Unguja, skuli nimeiachia njiani. Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea Kurani tu. Natamka kila herufi mahali pake, wala sijui nnasema nini. Mume wangu ndiye aliyenambia, nenda kwa Ustadhi, yule mwenye gari la watu wawili. Nikamuuliza, gari la watu wawili ndiyo gari gani hilo? Akasema utalisikia kabla ya kuliona.

Kweli nililisikia. Likija lilikuwa na ngurumo nzito ya chini, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Tukiisikia pale ukumbini tulikuwa tunaficha biskuti na kufungua madaftari. Akiingia, anavuta harufu, anasema, "Leo mmesoma biskuti ya ndizi." Basi tunacheka, na darasa limeshaanza.

Hakutusomesha kwa vitabu. Alikuja na mfuko wa takataka, lakini takataka safi: maboksi ya dawa, makopo ya maziwa, bili ya umeme, karatasi ya chanjo. Alisema mtu mzima asome kwanza kinachoweza kumdhuru, mashairi yatamsubiri. Siku moja alimpa mwenzetu mmoja boksi la dawa ya matone. Mwenzetu akasoma polepole, kidole kinatembea juu ya herufi, mpaka akafika mahali paliposema dawa hii ni ya masikio. Akasita. Akatwambia anayo dawa kama hiyo nyumbani, na mama mkwe wake anaitia machoni tangu Ramadhani. Tulicheka mpaka tukafunika nyuso kwa mitandio, na yeye akacheka na sisi, kisha akalia kweli. Ustadhi hakucheka wala hakumpa pole. Alingoja amalize kulia, akamwambia, "Haya, endelea. Matone mangapi?"

Hakuwa akisema umekosea. Alisema, "Rudi nyuma kidogo," kama mtu anayemwelekeza dereva kuegesha gari. Na ukirudi nyuma kidogo ukapata, hakukusifu, aliendelea tu, kana kwamba hakuna la ajabu, wewe ni mtu unayejua kusoma. Sijui kama watu wengine wanaelewa raha ya kutosifiwa namna hiyo.

Lakini mtu huyo aliyeweza kutungoja mpaka tumalize neno la herufi nne, barabarani hakuweza kungojea taa. Alikuwa na matusi yake mwenyewe, yote ni dua. Mtu akimkatia njia, Ustadhi anatoa mkono nje anasema, "Mola akuongoze, wewe na hiyo indiketa yako." Mtu akimpigia honi, anamwombea maisha marefu, mbali na barabara hii. Mume wangu aliwahi kupanda naye mara moja akarudi akasema hajapata kusikia watu wengi vile wakiombewa hata siku ya Arafa.

Na ubahili wake. Kandambili zake alizishona kwa waya. Chai aliitia majani yale yale mara mbili. Mifuko ya plastiki aliifua akaianika kwenye kamba pamoja na kanzu. Alikuwa akitwambia dunia ni ya kupita, msijenge nyumba kwenye daraja. Ukitoka hapo, unamkuta kwenye kivuli cha nyumba yake ameinama na fulana laini, anapangusa taa za lile gari moja moja, kama anaosha uso wa mtoto. Nilimtania siku moja, nikamwambia, Ustadhi, hii nayo si dunia? Akanambia, "Hili ndilo daraja lenyewe, mwanangu. Daraja halitunzwi?"

Sasa nilieleze gari, maana bila ya gari huyu mtu hatoonekana.

Lilikuwa gari la Kiingereza, la zamani, limelala chini mpaka ukikaa unaona matairi ya wenzako. Viti viwili tu. Nyuma ya viti pana nafasi ya kutia kikapu cha samaki, na kama samaki ni jodari haenei. Wajuzi wanasema yalitengenezwa machache sana ya aina ile, na mengi yameshakufa. Alilinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirudi kwao, zamani, yeye bado kijana na mkewe bado bi harusi. Lakini lile walilolijua watu wa Muscat halikuwa lile lililotoka kiwandani. Ustadhi alilifungua akalifunga upya. Paa lake la turubai lilishonwa na fundi wa makochi. Rejeta ilikuwa kubwa, ya gari jengine kabisa, na aliitafutia nafasi kwa kukata chuma cha mbele. Na injini, hiyo ndiyo iliyowauma wajuzi, ilikuwa ya pikapu ya Kijapani. Pikapu yenyewe ilipinduka njia ya Yiti na mzigo wa mbuzi. Mbuzi walipona, pikapu haikupona, yeye akainunua injini yake.

Watu wakimuuliza kwa nini amefanya vile, alikuwa na jawabu moja la kuchekesha, tulilijua sote kwa moyo. Alijipiga kifuani akasema, "Hili ni kama mimi na wewe. Bodi ya Kiarabu, injini ya Unguja. Lakini si linakwenda?"

Sisi wa Unguja tulicheka sana kwa neno hilo, lakini wenyewe tunajua lina mchomo. Wengi wetu tumewahi kuulizwa, dukani au ofisini, asili yenu wapi, kwa sababu ya namna tunavyotamka neno moja. Ustadhi aliulizwa hayo maisha yake yote, na Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko cha waliomuuliza.

Mkewe, Mola amrehemu, alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Nilimkuta hai kwa miaka kadhaa. Ijumaa baada ya Asri alikuwa akitoka amevaa, na kijibaibui chake kimenyooshwa, anasimama mlangoni mpaka gari lije mbele yake ingawa lilikuwa hatua chache tu. Anapanda. Wanakwenda Bustan, ng'ambo ya mlima, wanakaa ndani ya gari wakitazama bahari, wanarudi. Hawanunui kitu, hawashuki. Mabinti zao wawili walikuwa wakilalamika tangu udogo kwamba baba kanunua gari ambalo wao hawamo. Yule mkubwa aliwahi kunambia, "Walikuwa wakitwacha kwa bibi kila Ijumaa, na wakirudi wanakuwa wapole." Mwenyewe mama nilimuuliza huwa wanazungumza nini kule. Akasema, "Hatuzungumzi. Ananipeleka tu, kisha ananirudisha." Akasema kama mtu anayetaja neema.

Alipofariki mkewe, Ustadhi alikaa ndani kwa muda. Alipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kubandika karatasi kwenye kioo cha nyuma cha gari: linauzwa. Na mjukuu wake mmoja akalitia tangazo kwenye simu, na picha. Wakaanza kuja watu.

Basi hapo ndipo tulipomjua vizuri. Kwa sababu gari lilikuwa linauzwa, lakini haliuziki. Alikuja mtu wa kutoka Suhar na gari la kubebea magari kabisa, tayari kulichukua. Ustadhi akamkaribisha, akampa kahawa na halwa, akamzungusha, kisha akamwambia hamuuzii kwa sababu amefunga mlango kwa kishindo. Akaja daktari mmoja mpole sana, mlango akaufunga taratibu. Huyo alikataliwa kwa kuwa ana watoto wanne, atawaweka wapi. Akaja kijana ambaye hajaoa; akaambiwa aoe kwanza. Mume wangu alikuwa akirudi kazini ananiuliza, leo mnunuzi kafukuzwa kwa kosa gani? Karatasi ile ikababuka kwa jua, akabandika nyengine. Ikababuka nayo.

Nadhani alipenda ile kuulizwa. Mtu akija kununua gari, anasikiliza habari zake zote, tangu boliti mpaka turubai. Mtu akija kukuamkia wewe mjane, anaulizia afya yako kisha anatazama saa.

Kiti cha pili hakikukaliwa tena. Akinipita nimebeba mizigo kwenye jua alikuwa anasimama, anachukua mizigo, anaiweka kwenye kiti kile, na mimi nnakwenda kwa miguu nyuma yake. Aliniwekea mifuko mlangoni akanambia, "Samahani mwanangu, unajua." Nilijua. Sikuona vibaya hata kidogo.

Macho ndiyo yaliyolifanya jambo kuwa kubwa. Daktari alimwambia ni presha ya macho, imeshakula pembeni, inakuja katikati. Akatia matone kwa wakati, yeye aliyetusomesha kusoma maboksi. Lakini hakuacha kuendesha. Alisema njia anaijua, haina haja ya kuiona. Akagonga pipa la taka. Akagonga ngazi ya duka. Halafu asubuhi moja watoto wa chuo cha Kurani wanatoka kusoma, yeye anakuja taratibu kama kawaida yake, na mwalimu wao akawavuta kwa mikono miwili, na gari likapita pale pale walipokuwa wamesimama. Hakuwaona. Hakujua hata kama kuna watoto. Alisimama mbele ya msikiti, akashuka, akawaamkia watu, akauliza kwa nini mmenyamaza.

Binti zake walipiga simu kutoka Uingereza wanakokaa, mmoja baada ya mwengine. Wakanililia mimi. Walisema, wewe anakusikiliza, mwambie auze. Nikaenda. Nilimwambia bila kuzunguka, kwa sababu yeye mwenyewe hakutusomesha kuzunguka: nilimwambia mmoja wa wale watoto ni wangu. Ilikuwa kweli, binti yangu wa mwisho alikuwa kwenye mstari ule. Ustadhi aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akanambia, "Nitafutie mnunuzi. Wewe mwenyewe. Nisije nikamfukuza."

Nikamtafuta. Mume wangu ana mwenzake kazini, mtu wa Mabela, na mwanawe ni kijana anayependa magari ya kale. Kijana ameoa, ana tabia, anasali. Wakaja siku ya Alkhamisi baada ya Asri, kijana na baba yake. Nyumba ile haikuwa na mwanamke, kwa hiyo mimi nilipika kahawa nikawamiminia, nikakaa karibu na mlango.

Kuna ada, wengi wenu mnaijua. Mgeni mwenye haja kubwa akimiminiwa kahawa hukiweka kikombe chini, hakigusi. Mwenye nyumba akiona hivyo ameshaelewa. Akisema kunywa, basi haja imekubaliwa, hata kabla haijaelezwa vizuri, na hawezi kuirudisha nyuma. Asiposema, mgeni anatoka na kikombe kimejaa, na hiyo ni fedheha ya nyumba.

Baba wa kijana alikuwa ameshasikia habari za wanunuzi waliofukuzwa. Nilipowamiminia, akakichukua kikombe kwa adabu, akakiweka juu ya mkeka. Mwanawe akaweka chake kando ya cha baba yake.  Ustadhi hakuweza kuviona vile vikombe. Alikuwa akingoja kusikia mtu akinywa, na hakusikia. Akageuza uso upande wangu, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Wameweka chini?"

Nikasema, "Wameweka, Ustadhi."

Ustadhi akawageukia wageni. Akawaambia, "Kunyweni, kunyweni. Kahawa inapoa."

Wakanywa. Baba mtu akamshika mkono, akambusu kichwa. Ikaisha. Ndipo Ustadhi aliposema alilokuwa nalo. Aliwaambia anawapa na ile injini ya asili, ya Kiingereza, pamoja na rejeta yake ndogo, ambayo miaka yote aliihifadhi stoo ndani ya blanketi, kwa sababu kitu cha asili hakitupwi. Lakini wasiitie. Gari liende na ile ya pikapu mpaka life. Hakusema kwa nini. Kijana akasema, "Inshallah, ami," na mimi nikamwamini, kwa kuwa kwangu mimi neno lile ni zito, huwezi kulitia jina la Mola ndani halafu ukaliacha njiani.

Gari lilipoondoka Ustadhi alisimama nje mpaka ngurumo ikaisha kabisa. Nilidhani ataingia ndani. Alibaki amesimama akisikiliza.

Baada ya hapo alipungua. Hakuugua, alipungua tu. Darasa lilikuwa limeshafungwa. Macho yakaondoka yote mawili mwaka huo huo. Watu wa msikitini walikuwa wema sana kwake, wakimshika mkono kwenda na kurudi, na mimi nikimpelekea chakula. Kila nikienda alikuwa akiniuliza, "Wa Mabela hawajambo?" Nilikuwa nikimwambia hawajambo. Hakuuliza zaidi ya hapo.

Kisha pakawa na akika huko Mabela kwa jamaa wengine, na nyumba ya yule kijana ni ya tatu kutoka pale. Nikasema nipite nimwamkie mkewe. Mkewe ni mtoto mdogo, mcheshi, akanikaribisha ndani na sharubati. Lakini kabla sijaingia nikaliona gari uani, chini ya kivuli kipya cha mabati. Limepakwa rangi, linang'aa. Na pembeni, juu ya tairi kuukuu, imekaa injini ya pikapu, imechafuka mafuta, kama mtu aliyetolewa nje ya nyumba yake na vyombo vyake.

Kijana akatoka akiwa amefurahi. Akanambia, "Khala, tazama. Nimelirudishia asili yake."

Nikamkumbusha aliyoambiwa. Hakunikasirikia. Alitazama chini, akafuta mikono, akasema aliambiwa sharti lile baada ya kahawa, si kabla. "Kikombe tulikuwa tumeshakunywa, khala. Na mimi nimesema inshallah, Mola hakujaalia." Halafu akanieleza, na macho yake yalikuwa ya mtu anayependa kitu kwa dhati, kwamba magari kama hili yamebaki ya kuhesabu, na kulitia injini ya kubebea mbuzi ni kulifanyia kichekesho. Alinifungulia mlango nione. Aliufunga taratibu.

Nikarudi. Nyumbani nikamweleza wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye na ambaye ana fat'wa ya kila jambo. Akanambia nyamaza. Mzee haoni, hatoliona gari tena mpaka kufa kwake. Akikuuliza mwambie injini ipo, na uongo wa kuwapatanisha watu umeruhusiwa, una thawabu ndani yake. Mume wangu naye akasema ni afadhali. Nilisali, nikakaa juu ya msala nikapima. Nilitafuta ni watu gani ntakaowapatanisha kwa uongo ule. Nikaona ni mimi na nafsi yangu tu. Uongo huo haukuruhusiwa.

Nikaenda siku ya pili, alasiri. Nilimkuta amekaa nje, kwenye kiti cha plastiki, pale gari lilipokuwa likiegeshwa. Akanijua kwa hatua zangu. Akaniuliza binti yangu amepata ngapi kwenye mtihani, nikamwambia. Akauliza mume wangu kifua chake, nikamwambia. Kisha nikakaa kwenye ukingo wa ngazi, nikamwambia, "Ustadhi, ile injini wameitoa. Wametia ya zamani."

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alipita nalo Ijumaa, tunatoka msikitini. Nililisikia tangu kule kwenye kona. Ile sauti hainipotei." Akaendelea, "Walikuwa wamenishika mikono, huku mmoja na huku mmoja. Wote walikuwa wanaliona. Mmoja akanambia leo joto. Mwengine akanambia samaki ghali. Nikajua sasa mimi nimekuwa mtu wa kufichwa. Nimekaa hapa siku zote hizi nnangoja atakayekuja kunambia."

 Nilimwambia tu, "Nimechelewa, Ustadhi."

"Umekuja."

Ndipo aliponieleza, kwa mara ya kwanza, bila ya kuchekesha. Alisema zamani, ile injini ya Kiingereza bado imo, alimchukua mkewe kwenda Bustan mchana wa mwezi wa sita, kwa sababu mkewe alitamani hewa ya bahari. Alikuwa na mimba, kubwa. Katikati ya mlima gari likachemka likazima. Siku hizo hapakuwa na simu, na gari la kupita ni bahati. Walikaa kwenye jua, hakuna kivuli, na paa la turubai la asili lilikuwa jeusi na ndani kama tanuri. Mkewe akasema bora atembee. Wakatembea, wakishuka mlima, yeye amemshika, mpaka akatokea mtu na lori. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakukaa.

"Hakunilaumu," akasema. "Hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikingoja anilaumu. Nikaitoa ile injini kwa mikono yangu, nikatafuta itakayopanda mlima. Nikamwambia, nitakupandisha kila Ijumaa mpaka uamini. Akapanda. Miaka yote, akapanda."

Jua lilikuwa limeshaanza kuondoka kwenye ukuta. Nilikuwa nalia na nilijua anasikia, kwa hiyo sikujificha.

Akaniuliza, "Yule kijana kaoa?"

Nikasema kaoa, mkewe bado mdogo.

"Basi mwambie, wakati wa joto asimpandishe mlima na ile. Rejeta ya asili ni ndogo, haihimili. Aichukue ile kubwa yangu. Usimwambie jengine."

Nikasema inshallah. Na kwa sababu neno lile lilikuwa limeshaniunguza, sikungoja kufika nyumbani. Nikatoa simu pale pale nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Kijana akapokea kwa bashasha. Nilipomwambia niko na nani, bashasha ikamtoka.  Nikaiweka simu kwenye kiganja cha Ustadhi.

Ustadhi alimwamkia, akamuulizia baba yake, mama yake, mkewe. Akamweleza habari ya rejeta, kwa utaratibu, wapi aikalishe, boliti gani afungue kwanza. Kijana akaitika kila neno kwa utiifu, hadhir, hadhir, ami. Hapakutajwa kahawa wala ahadi. Nilidhani yamekwisha, mpaka kijana akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto, "Ami, Ijumaa nilipita kwenu. Uliisikia inavyolia?"

Ustadhi aliinua uso juu, kama bado inapita.

"Niliisikia," akasema. "Nzuri sana, mwanangu. Mashaallah."

Kisha akanyoosha mkono kunirudishia simu, lakini aliunyoosha upande ambao sikuwapo, na mimi nikainuka nikazunguka kwenda kuipokea.